Ruhusa ya Kwenda Hospitali: Nakivale katika Miaka ya Korona

Wageni wanaokuja kambini na madaftari hupenda kuuliza: Korona iliua watu wangapi hapa kwenu? Hawana ubaya, ndilo swali waliloambiwa waulize. Lakini ukimwuliza maman yeyote wa New Congo au Kashojwa habari za mwaka 2020, hataanza na kikohozi wala homa. Ataanza na boda. Atakwambia siku pikipiki zilipokatazwa kubeba watu, nani alikuwa na mimba ya miezi tisa, nani dawa zake za presha zilikuwa zimebaki mbili kwenye karatasi. Kwa hiyo historia hii nimeiandika kwa kufuata barabara.

Tupange tarehe kwanza, maana watu wameanza kuzichanganya. Shule za Uganda zilifungwa tarehe 20 Machi 2020. Kesho yake, tarehe 21, kikatangazwa kisa cha kwanza cha Korona, cha mtu aliyetoka Dubai. Mipaka ikafungwa. Tarehe 25 Machi Rais Museveni akasimamisha usafiri wa umma, na boda zikabaki kubeba mizigo tu. Tarehe 30 akafunga na magari ya watu binafsi, akaweka amri ya kutotembea kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ndani ya siku kumi nchi nzima ilisimama.

Mtu wa mjini alifungiwa nyumbani. Sisi tulifungiwa mbali. Hilo ni jambo tofauti, na wengi waliotunga amri zile hawakuliona. Nakivale ni makazi ya zamani sana. Wanyarwanda waliokimbia mwishoni mwa miaka ya 1950 ndio waliotangulia, wakafuata Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Serikali ilitoa ardhi ili mtu alime, si ahema tu, ndiyo maana vijiji vimetawanyika kwenye vilima kuzunguka ziwa, kutoka Base Camp mpaka Juru na Rubondo. Ni jambo zuri kwa mahindi, lakini kwa mgonjwa ni shida. Kutoka baadhi ya vijiji mpaka kituo cha afya ni mwendo wa masaa kwa miguu, na ukipewa karatasi ya kwenda hospitali kubwa unaambiwa Mbarara, ambako hata afya ikiwa nzuri hakuna anayekwenda kwa miguu. Ambulansi zilikuwepo, lakini chache kuliko uchungu wa wanawake. Ambulansi yetu ya kweli miaka yote ilikuwa kijana wa boda unayemjua kwa jina, anayekubali kulipwa mwisho wa mwezi.

Halafu ikaja habari ya ruhusa. Mwenye mgonjwa alitakiwa kupata kibali cha RDC, yaani mwakilishi wa rais wilayani, ndipo gari litembee. Ofisi ya RDC iko makao makuu ya wilaya, Isingiro. Sasa fikiria, ndugu msomaji: ili upate ruhusa ya kusafiri, usafiri kwanza. Eti kulikuwa na simu. Simu inataka chaji, na wanaochajisha simu walikuwa wamefunga. Inataka vocha. Inataka pia lugha, maana mtu wa Uvira aliyefika juzi ataeleza kwa Kinyankole gani kwamba mkewe anatoka damu?

Nchi nzima wanawake waliumia kwa ajili ya kibali hicho, na wengine walikufa njiani wakijifungua, mpaka redio zikaanza kusema. Katikati ya Aprili Rais akatangaza kwamba mwenye mimba hahitaji tena ruhusa. Watu walipiga makofi. Lakini tangazo la redio lina mwendo wake. Linatoka Kampala jioni, na linafika kwenye kizuizi cha barabarani baada ya wiki, likiwa limechoka. Kijana wa boda aliyekwisha kuona wenzake wakinyang'anywa pikipiki hakutaka kuwa wa kwanza kujaribu kama askari wa pale kwenye mti naye amesikiliza hotuba.

Hapo ndipo kikarudi kitu ambacho wengi tulidhani kimebaki kwa babu zetu. Wanyarwanda na Warundi wanakiita ingobyi, Wanyankole na Wakiga wanakiita engozi, sisi wa Kivu tunasema tipoyi: machela ya miti na kamba, watu wanne mabegani, wanne wengine wanafuata wa kubadilishana. Katika milima ya Rwanda na ya Kigezi, watu walikuwa na vikundi vya kubeba wagonjwa tangu zamani, na asiyetokea zamu yake alitozwa faini. Huko kwetu Kongo neno tipoyi lina uchungu wake, maana wakati wa Wabelgiji aliyekaa juu alikuwa mzungu mzima wa afya, na aliyekuwa chini alikuwa babu yangu. Mwaka 2020 tulikigeuza. Jirani yangu mmoja alishikwa na uchungu saa tatu usiku, masaa mawili baada ya muda wa kutotembea. Wanaume wa mtaa wakafunga blanketi kwenye miti miwili ya mkalitusi, mama mkunga mmoja wa zamani akatangulia na tochi, na mwenyekiti wa RWC akaenda nao ili wakikutana na askari aongee yeye. Watu wale walitoka lugha nne, na katika lugha tatu neno la machela lilikuwa karibu lilelile. Mtoto alizaliwa kituoni, alfajiri. Wengine hawakuwa na bahati hiyo, nami sitaandika habari zao hapa kwa sababu familia zao bado ziko na hazijaniruhusu.

Wafanyakazi wa mashirika wataniuliza, je, VHT? Haki yao nitawapa. VHT ni majirani wanaojitolea kwenye afya ya kijiji, mpango ulioanza Uganda mwaka 2001, na katika miezi ile ndio waliokuwa kituo cha afya kwa watu wengi. Walipima malaria ya watoto mlangoni, wakahesabu wajawazito, wakafukuzana na uvumi. Wizara iliporuhusu wenye virusi vya UKIMWI wapewe dawa za miezi mitatu au zaidi kwa mara moja, wakawa ndio wanaopeleka kwa asiyeweza kufika. Ilikuwa hatua ya maana sana, na kwa maoni yangu ndiyo iliyookoa watu wengi kimyakimya. Lakini kambini hakuna siri. VHT akipita kwako kila baada ya miezi mitatu na mfuko, nyumba ya pili wanaanza kuhesabu. Wenye akili walipita nyumba zote za mstari na sabuni, na kwenye nyumba moja wakaacha sabuni yenye kitu chini. Hilo hawakufundishwa kwenye semina. Na walilifanya bila mshahara, tukumbuke.

Wengine walioumia ni wale ambao ugonjwa wao hauna mpango wake. Mwenye kisukari, mwenye presha, mwenye kifafa. Hao walizoea kununua dawa Mbarara au kutumiwa na ndugu kwa basi. Basi halipo, ndugu hana kazi. Nilimsikia mzee mmoja akisema amejifunza kumeza nusu kidonge, siku moja ndiyo, siku moja hapana, "kama kufunga Ramadhani bila futari". Na wamama wengi waliacha kupeleka watoto kwenye chanjo. Si kwamba waliikataa. Waliogopa msongamano, au waliogopa kizuizi, au walisikia kwamba ukikohoa tu pale unachukuliwa karantini na watoto wanabaki peke yao. Kituo kimoja kilichokuwa na benchi lililojaa kila Jumatatu kilikaa wiki nzima kikisubiri watu. Ukitazama tu kitabu cha kituo ungesema watu wamepona.

Juu ya hayo yote chakula kikapungua. Mwezi wa Aprili 2020, mwezi uleule wa vizuizi, WFP ilikata posho ya wakimbizi wa Uganda kwa asilimia 30 kwa kukosa fedha. Waliokuwa wanapokea pesa badala ya unga walitoka shilingi 31,000 kwa mtu kwa mwezi wakaja 22,000. Februari 2021 zikawa 19,000. Hapo ongeza kwamba kibarua kwenye mashamba ya ndizi ya Wanyankole kilikuwa kimekatika, kwa sababu huwezi kufika. Munganga anakwambia dawa hii umeze baada ya kula. Baada ya kula nini? Wanaosoma habari hizi wakiwa ofisini, naomba wasitenganishe faili la chakula na faili la afya, maana tumboni ni faili moja.

Vizuizi havikuondoka kwa wote siku moja. Magari yalipoanza kuruhusiwa tena, kuanzia mwisho wa Mei, wilaya za mpakani ziliachwa nyuma, na Isingiro inapakana na Tanzania. Boda ziliruhusiwa kubeba abiria mmoja tarehe 27 Julai, mwisho saa kumi na mbili jioni. Miezi minne kamili. Mipaka ilibaki imefungwa hata kwa wanaokimbia vita, ila siku tatu mwanzoni mwa Julai serikali ilipofungua Zombo na watu zaidi ya 3,000 wa Ituri wakapita. Shule ndizo zilizochelewa kuliko zote: zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili, na hakuna nchi duniani iliyofunga kwa muda mrefu hivyo. Wasichana wangapi hawakurudi, hiyo inahitaji makala yake.

Nimesikia watu wakisema Wakimbizi hawakuelewa ugonjwa, ndiyo maana walikuwa wakaidi. Hapana. Watu wa Kivu Kaskazini na Ituri walikuja hapa wakiwa na mafunzo makali kuliko mtu yeyote wa Kampala. Ebola ilitangazwa kwao tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020, na katikati iliua zaidi ya watu 2,200. Kunawa mikono, kutopeana mkono, kuzika bila kugusa: walikuwa wameyapita yote. Kidumu cha maji kinachokanyagwa kwa mguu kilikuwa mlangoni kwa Wanyarwanda tangu zamani, na jina lake ni amri tosha: kandagira ukarabe, kanyaga unawe. Wazee waliopita Goma Julai 1994, watu karibu 50,000 walipokufa katika mwezi mmoja, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu, hawakuhitaji bango la kuwaeleza kwamba maji machafu na msongamano vinaua. Kashenee, yaani barakoa, walivaa. Kilichowashinda ni kukaa mbali na wenzao kwenye foleni ya bomba moja.

Tena kuna kumbukumbu nyingine, ya zamani zaidi, nayo naona ndiyo iliyokuwa ikisema ndani ya watu bila wao kuijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 ugonjwa wa malale uliua zaidi ya watu 200,000 Uganda, kandokando ya Ziwa Victoria. Gavana Hesketh Bell akaamuru ufuo wote uhamwe. Vijiji vikaachwa, mitumbwi ikaachwa. Upande wa Kongo, miaka ya 1910, Wabelgiji wakaweka pasi ya afya: asiye nayo hasafiri, na aliyeonekana mgonjwa anapelekwa kambi ya malale, ambako wengi hawakurudi. Watu wakajifunza kumficha mgonjwa. Bibi zetu hawakusoma kitabu chochote juu ya hili, lakini walitulea na neno kwamba ukiugua usionekane na serikali. Serikali ya 2020 haikuwa ya Bell, na karantini ilikuwa na sababu, hilo nalikubali. Ila unapomwambia mtu kwamba mwendo wa mgonjwa unahitaji karatasi, unagonga mlango ambao nyuma yake kuna miaka mia.

Wakati wa kufungiwa mara ya pili, tarehe 18 Juni 2021, siku 42, tulikuwa wengine. Chanjo ilikuwa imeanza nchini mwezi wa Machi na wakimbizi walihesabiwa humo, ingawa dozi zilikuja kwa kijiko. La muhimu zaidi, wamama walikuwa wamejipanga. Mwenye mimba ya miezi minane alihamia kwa ndugu au kwa mtu wa kanisa anayekaa karibu na kituo. Likelemba, ambazo zamani zilikuwa za kununua sufuria na vitenge, zilitenga fungu la boda. Vijana wa machela waliandika zamu. Hata Ebola ya Mubende ilipotokea mwaka 2022, na Oktoba wilaya mbili zikafungwa na boda zikakatazwa tena huko, kijijini kwetu swali la kwanza lilikuwa hilo hilo: boda, na zamu ni za nani.

VHT wengi wa wakati ule bado wana madaftari yao ya shule, ya kurasa 96, yenye majina, tarehe na neno moja moja: "alitembea", "alibebwa", "hakufika". Baadhi yameshaliwa na mchwa. Hakuna ofisi iliyowahi kuyaomba, maana fomu rasmi hazikuwa na nafasi ya kuandika mtu alifikaje. Aliye na daftari kama hilo huko Juru au Rubondo asilitupe wala kulifungia maandazi. Tunataka kunakili tarehe na jina la kijiji tu. Majina ya wagonjwa yatabaki kwake.