Harara Isiyokuwa na Moto: Asili ya Jiko la Indaksheni

Mwaka 1798 ilisomwa mbele ya Royal Society ya London makala ya Benjamin Thompson, Mmarekani aliyehamia Ulaya, akamtumikia mtawala wa Bavaria na kupata kwake cheo cha Count Rumford. Na katika makala hiyo alieleza jinsi, katika karakana ya silaha mjini Munich, alivyolizungushia sanduku la maji pande la mzinga, akaamuru farasi wazungushe kekee butu iliyousaga mzinga ule kwa ndani, hata baada ya saa mbili na nusu maji yakatokota mbele ya macho ya watu wasioona kuni, wala makaa, wala ulimi wa moto. Mtu huyo huyo alikuwa hodari wa mambo ya meko, kwani alibuni majiko ya matofali ambayo kila chungu kilikuwa na tundu lake na moto wake uliofungiwa chini. Hakuwa na njia ya kujua kwamba shughuli zake hizo mbili, meko kwa upande mmoja na harara izaliwayo ndani ya metali kwa upande wa pili, zingekuja kukutana katika chombo kimoja baada ya miaka karibu 200.

Daraja la kukutania liliwekwa na wanazuoni wawili. Mnamo Agosti 1831 Michael Faraday, mwana wa mhunzi wa London aliyejifunza kwanza kazi ya kujalidi vitabu, alizungushia pete ya chuma nyaya mbili, kila mmoja upande wake, akaona kwamba kila alipoufunga au kuufungua umeme katika waya wa kwanza, sindano iliyoungwa na waya wa pili ilistuka, ilhali nyaya zenyewe hazikugusana na hapakuwa na kiungo baina yao ila nguvu ya sumaku iliyopita katika pete. Kisha mwaka 1855 Mfaransa Léon Foucault alizungusha sahani ya shaba baina ya ncha za sumaku yenye nguvu, akahisi sahani inakuwa nzito kuzunguka, na alipozidi kuilazimisha ikapata moto. Maana sumaku ilizalisha ndani ya shaba mikondo ya umeme isiyokuwa na pa kwenda, ikawa inajizungukia humo humo na kuishilia katika harara.

Kanuni ya jiko la indaksheni, yaani kuizalisha mikondo ya namna hiyo katika sufuria kwa nguvu ya sumaku, basi, ilikuwa imekwisha timia kabla umeme haujaingia katika nyumba ya mtu yeyote. Ikiwa msomaji atauliza kwa nini mabibi wa London na Paris hawakupikia kwa kanuni hiyo kabla ya karne ya 19 kwisha, jawabu ni kwamba sumaku ya jikoni haitoshi kuwepo, sharti igeuke, na igeuke kwa kasi kubwa mno. Umeme wa majumbani hugeuka mara 50 au 60 tu kwa sekunde, na kwa mwendo huo sufuria hunguruma sana na hupata moto kidogo. Jiko la leo huugeuza zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, juu ya upeo wa sikio la mwanadamu. Hataza za majiko ya namna hii ziliandikwa tangu mwanzo wa karne ya 20, na viwanda viliitumia kanuni ile ile kuyeyushia chuma, lakini jikoni haikuingia, kwa kuwa hapakuwa na ala ndogo na rahisi ya kuugeuza umeme kwa kasi hiyo.

Katika muda huo wa kungojea, umeme uliingia jikoni kwa mlango mwingine. Mwaka 1892 Thomas Ahearn wa Ottawa, nchini Kanada, aliwaandalia wageni wa hoteli ya Windsor karamu iliyopikwa kwa oveni ya umeme, na mwaka uliofuata jiko la umeme likaonyeshwa katika maonyesho makuu ya Chicago. Umeme ulipitishwa katika waya mgumu kupitika, waya ukawa mwekundu, chakula kikaiva. Ila nyaya za kwanza zilikatika upesi, mpaka Albert Marsh alipochanganya nikeli na kromiamu akapata waya unaostahimili wekundu siku nyingi bila kuliwa na hewa, na hataza yake ni ya mwaka 1906. Oveni tununuayo leo, hata ikiwa na kioo cheusi na tarakimu zinazong'aa, imo katika ukoo huo: waya juu na waya chini, sawasawa na mwokaji wa pwani anayepalia makaa juu ya ufuniko ili mkate wa kumimina upate moto pande zote mbili. Indaksheni haikuigusa. Kwa hiyo anayeagiza jiko la indaksheni pamoja na oveni yake anaagiza vyombo viwili vya zama mbalimbali, hata kama muuzaji amevitia katika kasha moja.

Katikati ya miaka ya 1950 kampuni ya Frigidaire, iliyokuwa chini ya General Motors, ilizunguka Marekani ikionyesha jiko la indaksheni, na ili watu wasadiki ikaweka gazeti baina ya jiko na sufuria. Maji yalichemka na gazeti halikuungua. Sisi wa magazeti tunafurahi kuona karatasi zetu zikipewa kazi ya heshima namna hiyo, walakini jiko lenyewe halikuuzwa kamwe. Westinghouse ndiyo iliyothubutu: mwaka 1971 ililionyesha jiko lake katika mkutano wa wajenzi wa nyumba mjini Houston, na kuanzia 1973 ikaliuza kwa dola 1,500 pamoja na sufuria zake. Sufuria hizo hazikuwa bahashishi. Kampuni ilifahamu kwamba katika jiko hili moto haumo jikoni, bali umo katika kitako cha sufuria, na asiyekuwa na sufuria ya kufaa amenunua meza ya kioo. Baada ya miaka miwili Westinghouse iliuza biashara yake ya vyombo vya nyumbani, na jiko lile likakoma.

Lililoiokoa indaksheni ni transista za nguvu, ndizo ala za kuugeuza umeme kwa kasi, zilizozidi kushuka bei na kuongezeka uwezo, na Wajapani, ambao mwaka 1988 waliitia indaksheni hata katika chungu cha kupikia wali. Kioo cha kauri kisichopasuka kwa moto, ambacho kampuni ya Schott ya Ujerumani ilikionyesha mwaka 1971, kikawa uso wa majiko haya karibu dunia nzima.

Sasa tumkabili mtu anayevunja jiko lake la zamani ili ajenge jipya. Aghalabu huanza kwa kuuliza jina la kampuni, ilhali imempasa kwanza kufungua kabati na kupitisha sumaku chini ya vyombo vyake, kwani kwa kawaida kisichonaswa na sumaku hakifai jiko hili. Sufuria za alumini, ambazo katika pwani yetu na bara ndizo zilizojaa kila nyumba, haziitiki. Chungu cha udongo hakiitiki. Karai lenye kitako cha mviringo, hata likiwa la chuma, halikai sawa juu ya kioo. Chuma cha chapati chenye uso bapa huitika vyema kuliko vyote. Wajapani walifanikiwa baadaye kuunda majiko yanayokubali alumini kwa kuongeza kasi ya sumaku, lakini nguvu hupotea zaidi, na sufuria nyepesi husukumwa na sumaku hata ikasogea. Tena majiko ya bei ndogo hayajui moto mdogo wa kweli: huwaka kwa nguvu, huzima, huwaka tena, na tui la nazi likakatika, basi na aulize kama umeme unashuka mfululizo au unakatwakatwa.

Halafu aende kwenye waya. Jiko la mafiga manne laweza kutaka kilowati 7, yaani yapata ampea 30 kwa volti 230, na soketi ya ukutani ya ampea 13 haiwezi mzigo huo, hivyo fundi sharti avute waya maalumu kutoka kwenye ubao wa fyuzi kabla vigae havijabandikwa. Oveni ningeitenga na kuipandisha ukutani usawa wa kifua, kama nyumba za Marekani zilivyozoea baada ya Vita Vikuu vya Pili, iwe na waya wake peke yake. Kwani transista zilizo chini ya kioo aghalabu ndizo zinazoharibika mapema, na siku hiyo fundi atalitoa jiko la juu peke yake bila kuigusa oveni.