Hilal bin Said na Radhi ya Baba

Mwaka 1844 Seyyid Said bin Sultan alimwandikia Lord Aberdeen, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, akiwataja warithi wake: Khalid kwa milki ya Afrika, Thuwaini kwa Oman. Jina la Hilal, mkubwa wa wanawe waliokuwa hai, halimo. Salme, katika kumbukumbu alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, ataja ulevi. Lakini yeye alizaliwa mwaka uo huo wa 1844, hivyo alisimulia ya kusikia.

Mwaka 1845 Hilal alisafiri hadi London kutaka aombewe kwa baba yake. Hapa ndipo neno radhi listahilipo kupimwa. Urithi waweza kujadiliwa na mawaziri. Radhi hutoka kinywani mwa mzazi, na waombezi wake kwa desturi ni wazee wa ukoo, si serikali ya kigeni. Waingereza walimpokea kwa heshima, wakamshauri arudi, wakamwombea. Suluhu ilipatikana, haikudumu.

Hilal alifia Aden mwaka 1851. Khalid akafariki mwaka 1854, Seyyid Said mwenyewe mwaka 1856. Ugomvi wa Majid na Thuwaini uliamuliwa na Lord Canning mwaka 1861: mlango ni ule ule waliobisha hodi baba na mwana, kila mmoja kwa haja yake.