Mlingoti Wenye Uvungu na Mafundi wa Mto Nili



Kila tukutanapo kuwakumbuka wazee wetu waliofika nchi hii kwa njia ya Sudan, hutajwa bunduki na vyeo vya askari. Mafundi hawatajwi. Leo napenda kuwakumbusha hao, na kwa ajili yao nitaeleza habari za mti mmoja tu, nao ni mlingoti.

Mwaka 1876 zilifika Dufile mashua mbili za chuma. Zilibebwa vipande vipande na wapagazi, kwa kuwa hapana chombo kiwezacho kupanda maporomoko ya Fola. Zikaungwa, zikasimamishwa milingoti, zikatwekwa matanga, na mwaka huo huo Romolo Gessi akalizunguka Ziwa Albert kwa mashua hizo. Meli ya moshi iitwayo Khedive nayo iliungwa hapo Dufile. Baada ya mwaka 1883 hapana meli iliyofika tena kutoka Khartoum, kwa sababu ya vita vya Mahdi. Hata hivyo, mwezi wa Aprili 1888, Emin Pasha alikwenda kuonana na Stanley ziwani akiwa ndani ya Khedive hiyo hiyo. Je, miaka yote hiyo ilitunzwa kwa bunduki? La, ilitunzwa kwa mikono ya mafundi.

Sasa tuutazame mlingoti wenyewe. Huko pwani mlingoti wa jahazi ni gogo zima lililonyooka. Lakini foromali, yaani mti uchukuao tanga, mara nyingi huungwa kwa miti miwili au zaidi, ikakazwa kwa kamba. Gogo zima lina nguvu, ila ni zito, na uzito ulio juu ndio uipinduao mashua ndogo upepo uipigapo ubavuni.

Kwa hiyo mafundi wa mashua ndogo wakabuni mlingoti wenye uvungu. Fundi huchukua mbao nane ndefu, nyembamba, zisizo na vifundo, akazipiga randa ziwe nyembamba zaidi kuelekea kileleni. Kila ubao huchongwa mfuo upande mmoja, mfano wa mdomo wa ndege uliofumbuliwa, ili ubao wa jirani ukae ndani yake. Hupakwa gundi, hufungwa kwa kamba pande zote, hata ikauke. Kisha pembe huondolewa kwa randa, mti ukawa mviringo. Shinani, na mahali pafungwapo kamba, uvungu huzibwa kwa mti mzima, usije ukapasuka.

Mti ukipindwa, nguvu nyingi hubebwa na sehemu ya nje. Kiini hufanya kazi kidogo. Mlingoti wenye unene wa sentimita 10, ukiwa na ukuta wa sentimita 2, hupungua uzito kwa zaidi ya theluthi moja, ilhali ukakamavu wake hupungua karibu sehemu 13 tu katika 100. Tena mbao nyembamba hupatikana hata palipokwisha miti mikubwa.

Ndugu zangu, vijana wetu wanajua randa na msumeno, nao huunga milango na vitanda kila siku. Kazi hiyo si ngeni kwao, wala haikuwa ngeni kwa wazee wao. Basi yatupasa kila nyumba iulize: katika babu zetu, nani alikuwa seremala, nani mhunzi, nani nahodha? Majina hayo yaletwe yaandikwe pamoja na ya askari, kabla hawajaondoka wachache wanaoyakumbuka.