Augustino wa Hippo na swali la uovu

Augustino (354–430), askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alihangaishwa na swali moja: ikiwa Mungu ni mwema, uovu umetoka wapi? Kwa miaka kama 9 aliwafuata wafuasi wa Mani, waliofundisha kwamba nuru na giza ni nguvu mbili zinazopigana. Alipobatizwa Milano mwaka 387 alikuwa ameshaachana nao. Kwake uovu haukuumbwa. Ni upungufu wa wema, kama upofu ulivyo kukosa kuona. Katika kitabu chake Maungamo anasimulia jinsi yeye na wenzake walivyoiba mapeasi usiku, yeye akiwa na miaka 16, wakawatupia nguruwe. Njaa hawakuwa nayo. Kisa kidogo, ila kinagusa kuliko hoja zake nyingi. Dhidi ya Pelagio, aliyefundisha kwamba mtu anaweza kuushinda uovu kwa hiari yake mwenyewe, alishikilia kuwa wokovu ni neema. Mtaguso wa Karthago uliyalaani mafundisho ya Pelagio mwaka 418.