Kwa nini mkasa wa zamani humrudia mtu kana kwamba unatokea leo?

Wengi wetu tunamfahamu mtu aliyenusurika vita, ajali au ubakaji, ambaye hadi leo huamka usiku akipiga kelele, au hutetemeka akisikia kishindo. Majirani husema amerogwa au ana mapepo. Wataalamu wa afya huita hali hii kiwewe. Ni ugonjwa, na unatibika. Ili tuuelewe, tuangalie kwanza jinsi ubongo unavyotunza kumbukumbu.

Kumbukumbu hutunzwa vipi?

Ndani ya ubongo, karibu na usawa wa masikio, kuna sehemu iitwayo hipokampasi, moja kila upande. Ndiyo husaidia kuhifadhi mambo mapya: nini kilitokea, wapi na lini. Mwaka 1953 nchini Marekani, Henry Molaison, aliyesumbuliwa na kifafa, alifanyiwa upasuaji ulioondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini mpaka anafariki mwaka 2008 aliweza kumsahau mtu dakika chache baada ya kuzungumza naye. Mengi ya utotoni aliyakumbuka.

Jirani na hipokampasi kuna amigdala, inayoshughulikia hofu.

Mkasa hufanya nini?

Wanasayansi wengi wanaeleza hivi: hofu inapozidi, amigdala hukaza sauti, harufu na maumivu ya tukio, huku hipokampasi ikishindwa kupanga vizuri mahali na wakati. Kumbukumbu hubaki bila tarehe. Ndiyo maana tairi likipasuka barabarani, mwili wa aliyepitia vita hujibu kana kwamba ni risasi ya sasa hivi.

Sonona nayo hugusa kumbukumbu. Mgonjwa hukumbuka upesi mabaya, lakini hupata shida kueleza kwa kina siku yake moja ya furaha.

Tiba ipo

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi kutoka Rwanda na Somalia walisaidiwa kusimulia maisha yao kwa mpangilio tangu kuzaliwa, mema na mabaya, hadi mkasa ukapata mahali na wakati wake. Waliowasikiliza walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo, si madaktari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa dalili zilipungua sana. Kumbukumbu haikufutwa, ilirudishwa kwenye jana yake.

Ufanye nini nyumbani?

Usimlazimishe mgonjwa kusimulia, na usimfunge kamba. Kaa naye, msikilize akitaka kusema, mhimize apate usingizi, kwa kuwa usingizi husaidia ubongo kupanga kumbukumbu. Mpeleke kituo cha afya, mwombe mhudumu awaelekeze kwa mtaalamu wa afya ya akili. Akitaja kujiua, asiachwe peke yake. Mpelekeni siku hiyo hiyo.