Msemaji wa Serikali anatoka wapi?

Msikilizaji, taarifa ya Ikulu inapoingia kwenye simu yako, kuna mtu ambaye kazi yake ni kuiandika na kuisimamia. Wengi wa watu hao walianzia kwenye vyombo vya habari.

Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, alihariri gazeti la TANU, The Nationalist, kisha Daily News la serikali. Mwaka 1974 Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Mwandishi wake wa Habari. Baadaye akawa balozi, waziri wa mambo ya nje, na mwaka 1995 Rais wa awamu ya tatu.

Zuhura Yunus naye alikuwa mtangazaji wa BBC Idhaa ya Kiswahili, London. Januari 2022 Rais Samia alimteua kuwa Mkurugenzi wa Mawasiliano ya Rais.

Hizo ni nafasi za uteuzi: anayekuteua anaweza kutengua.

Njia ya kawaida

Wengi huanzia chini, kama maofisa habari wa halmashauri, zikiwemo manispaa za Kinondoni na Temeke. Nafasi hizo hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na Afisa Habari Daraja la II kwa kawaida hutakiwa awe na shahada ya uandishi wa habari au mawasiliano ya umma. Cheti cha utangazaji kinaweza kukuingiza redioni, lakini hapo hakitoshi.

Juu kabisa yupo Msemaji Mkuu wa Serikali.

Kinachobadilika

Mtangazaji huuliza kwa niaba yako. Msemaji hujibu kwa niaba ya mwajiri wake. Anaweza kulijua jambo na asiruhusiwe kulisema. Kijana anayeitamani kazi hii alipime hilo mapema.

Haki yako

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Zipo zinazozuiwa, kama za usalama wa taifa. Lakini ukitaka kujua fedha za zahanati ya kijiji chako zimetumikaje, andika barua halmashauri, weka tarehe, na ubaki na nakala.