Aniceti Kitereza na Elimu ya Wazee Wetu



Katika tafakari ya juma hili napenda tuitazame historia ya elimu na afya katika mwambao huu wa Ziwa Viktoria. Mara nyingi historia hiyo husimuliwa kana kwamba wageni walileta kila kitu, nao wenyeji walikuwa wa kupokea tu. Maisha ya Mkristo mmoja wa Ukerewe yanatuonyesha kwamba sivyo ilivyokuwa.

Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana pia kama Mapadre Weupe, walifika Kageye, kusini mwa ziwa, mwishoni mwa mwaka 1878. Mwaka 1883 walifungua misheni ya Bukumbi, na baadaye wakavuka hadi kisiwani Ukerewe. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliwaagiza wajifunze lugha ya watu waliotumwa kwao. Agizo hilo lilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa anayejifunza lugha ya mwenzake hukubali kwanza kuwa mwanafunzi wake.

Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896. Alisoma katika misheni ya Kagunguli, kisha akapelekwa seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, ambako alijifunza Kilatini na lugha nyingine za kigeni. Mtu mwenye elimu ya namna hiyo angeweza kuwadharau wazee wa kwao. Yeye alifanya kinyume: aliitumia kalamu aliyopewa shuleni kuandika, kwa Kikerewe, yale ambayo wazee waliyajua. Kazi hiyo aliikamilisha mwaka 1945.

Kitabu chake kinamhusu Bwana Myombekere na mkewe Bibi Bugonoka, ambao hawakujaliwa mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanamrudisha nyumbani, lakini mume hakubali kumwacha. Anakwenda ukweni kumwomba, na baadaye wote wawili wanamwendea mganga ili watibiwe. Humo msomaji anakuta magonjwa na dawa zake, uzazi na malezi, kilimo na uvuvi. Anakuta pia jambo ambalo hospitali zetu zinalihitaji hadi leo: namna mwenyeji anavyouelewa ugonjwa wake, na jinsi ugonjwa wa mmoja unavyougusa ukoo mzima.

Hata hivyo, kitabu hicho kilisubiri miaka 35. Kwa Kikerewe hakikupata mchapishaji, ikambidi mwandishi mwenyewe akitafsiri kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikichapa mwaka 1980, naye Kitereza akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Mwenyeji alikuwa amefundishwa kuandika, lakini alipoandika hakupata wa kumsikiliza.

Wakati huohuo huduma zenyewe zilikuwa zikikua. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971, ikataifishwa mwaka 1972, na mwaka 1985 ikarudishwa chini ya usimamizi wa Kanisa. Mwaka 2003 ukaanza hapo mlimani mwa Bugando mpango wa chuo kikuu wa kuwafundisha madaktari. Hii ni hatua ya kumshukuru Mungu, kwani kijana wa Magu, Sengerema au Ukerewe anaweza kusomea udaktari papa hapa Mwanza, miongoni mwa watu wanaozungumza lugha ya mama yake.

Lakini majengo na vyeti peke yake havitoshi. Mgonjwa anayeogopa kudharauliwa atamficha mganguzi dawa za miti alizokunywa nyumbani, na kwa kuficha huko anaweza kudhurika. Mama anayefokewa zahanati atachelewa kurudi. Kusikiliza ni sehemu ya tiba.

Sisemi kwamba kila kitokacho kwa mababu ni chema. Kanda yetu hii ya Ziwa iliingia aibu kubwa, hasa tangu mwaka 2007, ndugu zetu wenye ualbino walipouawa kwa sababu ya imani za kishirikina. Na vikongwe pia wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Hiyo si elimu ya wazee, ni dhambi dhidi ya uhai. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na kutozidharau dawa ambazo Mungu amezitoa katika ardhi. Palipo na uhai uliolindwa, hapo tushukuru. Palipo na damu ya mtu, hapo tukemee bila woga.

Basi, juma hili nawaomba vijana wenye daftari wakae na bibi na babu zao, waandike majina ya miti, magonjwa na mapishi ya wagonjwa kwa Kisukuma, Kikerewe au Kikara. Wenye kazi katika zahanati na shule wamwulize mwenyeji kabla ya kumwelekeza. Na wenye mgonjwa nyumbani wamfikishe hospitali mapema, bila kuficha lolote.

Nawatakia Dominika njema.